Ndagala Hawangoji

Binti aitwaye Sikujua aliachiwa ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa kwenye mkeka mchangani Rumonge, na ubao wa chuo wenye aya ya kukariri kabla ya alasiri. Badala yake akaliangalia ziwa likipumua kama mtu aliyelala. Milima ya Kongo ikazama polepole ndani ya mvua.

"We binti, unalala macho wazi?" shangazi yake Esha alifoka jikoni. "Askari wa Wadachi watanunua uvundo?"

Matone ya kwanza yakaanguka. Sikujua akaukumbatia ubao. Halafu akawaza: wino mwalimu ataandika tena, lakini ndagala wakilowa, basi. Akauweka juu ya jiwe, akazoa samaki mkekani, akakimbilia jikoni.

Ndagala wote waliingia wakavu. Nje, mvua iliosha aya taratibu.

"Na mwalimu utamwambia nini?"

"Nitamwambia tule kwanza, shangazi."