Saa Tano za Ndege

Ignas aliruka kaburini na panga mkononi. "Atakayemshusha mama kabla kaka hajafika, namkata!"

Ilikuwa Jumanne, mwaka 1969, makaburini Ujiji. Mama yake, Marsiana, alikuwa amefariki jana yake alfajiri, na jeneza lilikaa kando ya shimo, nzi wameshalizoea. Mwanawe mkubwa, Bonifasi, alifanya kazi Dar es Salaam. Telegramu yake ilisema: NDEGE KESHO SAA TANO MSIZIKE.

Saa tano ilipita. Saa sita nayo ikapita. Sasa ilikuwa saa nane kasoro, na juu ya ziwa hapakusikika mlio wowote.

Mjomba Nikodemu, aliyesimamia msiba, uvumilivu ulimwishia. "Dada yangu anaharibika juani. Toka humo!"

"Sitoki, mjomba."

Nikodemu akashuka kumvuta. Panga likampitia kiganjani, vidole viwili vikabaki vinaning'inia. Hakulia. Alinyakua sepetu kwa mkono mzima, akampiga Ignas usoni, kisha akampiga tena. Stephania, dada yake Ignas, alisikia mfupa ukivunjika. Akamrukia mjomba mgongoni, akamng'ata sikio mpaka akaonja damu. Wanaume wakamkamata nywele wakamtupa. Wakamtoa na Ignas shimoni, wakamshindilia mateke kwa kumkata mkubwa wake, mpaka akaacha kujikinga.

Jeneza likashushwa. Kaburi likafukiwa harakaharaka, bila wimbo.

Saa tisa ndege ikapita juu yao, ikishuka kuelekea uwanjani. Baada ya nusu saa teksi ilisimama barabarani, Bonifasi akateremka na suti yake nyeusi. Aliliona kaburi, halafu akamwona mdogo wake amelala, kichwa kwenye mapaja ya Stephania.

"Nani kamfanya hivi?"

"Kaka, ulisema saa tano!" Stephania alipiga kelele. "Tumekusubiri!"

"Safari inachukua saa tano, Stephania! Kutoka Dar mpaka hapa ni karibu maili mia saba, tena tunatua Tabora. Tumeruka saa nne asubuhi." Sauti ikamkatika. "Telegramu inalipiwa kwa neno, nilibana maneno tu."

Watu wakamtazama Nikodemu. Bonifasi akaliokota panga, akamwendea. Stephania akamdaka mguu, naye akamburuta hatua kadhaa, magoti yakichunika.

"Utazika wangapi leo?" alilia Stephania.

Bonifasi akasimama. Alilitazama panga, akalitupa migombani, kisha akaanguka juu ya udongo mbichi akiupiga kwa ngumi.

Nikodemu ndiye aliyemnyanyua Ignas. Alimpakia kwenye teksi, akavua shati na kumkandamizia usoni, damu zao zikichanganyika. Ignas alizinduka njiani, akamng'ata mkono uleule wenye jeraha. Mzee hakuutoa.

Jicho la kushoto la Ignas halikupona. Kila asubuhi Nikodemu alileta uji hospitalini, mkono umefungwa bendeji. Kila asubuhi Ignas aliumwaga sakafuni, Stephania akadeki. Siku ya tisa njaa ilimzidi. Akaupokea, akanywa wote, bila kumwamkia mjomba wake.