Kodi ya Mfunguo Tano

Bi Mwanapili wa Tibirinzi alikuwa na wana wawili asiowazaa: Shaame wa Msuka na Hija wa Makangale, wanafunzi wa darasa la nane waliopanga chumba cha uani katika nyumba aliyokuwa akiiangalia. Shaame alikuwa mrefu hata utando wa buibui darini akiupangusa kwa kichwa. Hija alikuwa mfupi, lakini ukimpakulia wali ungedhani anakula kwa niaba ya watu wengine.

Kodi yao, shilingi kumi, ilitoka kwa wazee wao huko kaskazini. Kule hakuna aliyeshughulika na kalenda ya ukutani. Mwezi ukiandama, wazee hutoa pesa, dereva wa gari huzileta mjini Chake, Bi Mwanapili huzifikisha kwa mwenye nyumba, Mzee Marhoun, naye huandika risiti kwa hati za Kiarabu, kila moja kwa jina la mwezi ulioandama: Mfunguo Tisa, Rajabu, Shaabani, hivyo hivyo. Toka Januari ya hamsini na saba mpaka hii Agosti ya hamsini na tisa, haukuandama mwezi pesa zisifike.

Mzee Marhoun akafariki, Mungu amrehemu. Nyumba ikaja mikononi mwa mwanawe Zahran, karani, kijana wa kalamu mbili mfukoni. Jumapili moja akaleta waraka: sasa kodi ni tarehe mosi. Risiti ya mwisho ni ya Mfunguo Tano, yaani Agosti. Ya Septemba isipofika keshokutwa, chumba atapewa mpima karafuu wa msimu, aliyekwisha ahidi shilingi ishirini.

Mwezi ulikuwa uandame Alhamisi. Tarehe mosi ilikuwa Jumanne. Na mtihani ulibakisha wiki chache tu. Wakitolewa chumbani, ndiyo wamekwisha rudi makwao na skuli imekufa. Bi Mwanapili aliyajua hayo. Mwenyewe alishatolewa nyumba mara mbili, ya pili mvua inanyesha na mtungi uko kichwani.

"Kesho tutakwenda kuchuma karafuu, Bi," alisema Shaame.

"Wewe? Mkarafuu ukikuona utaomba radhi! Na huyu mwenzio atafika tawi la kwanza aulize chakula kiko wapi."

"Sasa tufanyeje?" Hija aliuliza, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Mfanye hesabu. Kutwa mnahesabu mapipa ya maji yanayovuja, na kodi iwashinde?"

Alisema kwa kuwachokoza tu, mkono ukiendelea kusuka ukili wa mkeka. Pesa za ukili zote zilikuwa shilingi nne. Lakini neno hilo la hesabu likamkwama. Akakumbuka eda yake alipofiwa na mumewe. Wanawake walimhesabia kwa mwezi wa kuandama, wakasema imekwisha. Kaka yake, tarishi bomani, akahesabu kwa kalenda, akaja mbio kusema bado siku tatu. Walimcheka mpaka akatoka na viatu mkononi.

Ukili ukaanguka.

"Hija! Mwezi wa kuandama una siku ngapi?"

"Ishirini na tisa, Bi. Au thalathini."

"Na huu wa makarani?"

"Thalathini. Au thalathini na moja."

"Nipe hicho kibweta cha risiti. Upesi, mwanangu!"

Wakazipanga mkekani. Risiti thelathini na tatu. Hija akahesabu miezi ya kalenda toka walipohamia: kumi na miwili, kumi na miwili, minane. Thelathini na miwili. Shaame akarudia. Ikawa ile ile.

"Mmelipa mwezi mzima wa ziada," Bi Mwanapili alisema polepole, "na mimi ndiye niliyeupeleka!"

Asubuhi yake alikuwa barazani kwa Zahran, kibweta mapajani.

"Sabalkheri, Bwana Zahran."

"Sabalkheri, Bi Mwanapili. Umeleta kodi?"

"Nimeileta zamani. Hesabu."

Zahran akahesabu. Akalamba kidole, akahesabu tena. Akafungua kalenda, akapekua nyuma mpaka Januari, miaka miwili ya kabla yake akaihesabu kichwani.

"Baba alikuwa akiandika Mfunguo…"

"Na wewe ukauita Agosti. Wewe ndiye uliyetaka miezi ya kalenda, mwanangu. Mimi nimekufuata tu."

Kijana akajizuia, ikamshinda, akacheka. Akachomoa kalamu, akaandika: Septemba, imelipwa. "Na yule mpima karafuu nimwambie nini?"

"Mwambie karani kakosea hesabu. Ataamini."

Jumamosi dereva akaleta pesa za mwezi mpya. Hija akazipima mkononi. "Bi, tumekwisha lipa. Si tununue viatu vya mpira?"

"Viatu! Nendeni kwa Zahran, nyote wawili, mkalipe Oktoba leo leo, tarehe tano Septemba. Mumwangalie usoni akiipokea, na risiti mnidaie papo hapo."

Wakaondoka wanasukumana. Bi Mwanapili akaingia chumbani kwao, akavitandika vitanda viwili walivyoviacha ovyo, taratibu, akipiga mito kwa kiganja, kama mtu aliyekwisha hakikishiwa kuwa wenyewe watarudi kuvilalia.