Chupa ya Pili

Neno lile lilimfikia Dafroza mferejini, akiwa ameinama na ndoo. Ati marehemu mumewe, Sirili, aliyempikia padri mzee Mfaransa miaka kumi na tisa, alikuwa akinywa divai ya padri na kujaza chupa kwa makapi ya kahawa. Aliyesema ni Primus, mwenyekiti wa parokia, mbele ya wageni wa sikukuu, baada ya kufungua divai nyekundu ya Burgundi, Ufaransa, ya mwaka 1949 na kumimina tope.

Dafroza hakulia. Sirili alikuwa na mwaka wa nne kaburini, amjibuje Primus? Aliiacha ndoo palepale, akapanda kwa Padri Faustin, padri wa sasa wa parokia.

"Padri, chupa alizoacha yule mzee zilikuwa mbili. Ile nyingine isimame wima siku tatu, mtu asiiguse. Jumapili baada ya misa niitie mwenyekiti."

Jumapili, sebuleni kwa padri, aliwasha mshumaa, akaweka jagi la kioo. Akaizibua chupa taratibu, akaiinamisha, shingo ikiwa mbele ya mwali, kama alivyomwona Sirili akifanya. Divai ikashuka kama uzi.

"Mama, tungoje mpaka Pasaka?" Primus alicheka.

"Ile ya kwanza uliimiminaje?"

"Niliitikisa vizuri, kama mtu mwenye akili. Mbege yetu ya ndizi usipoikoroga si unakunywa maji, machicha yanabaki chini?"

"Hii si mbege, Primus."

Padri aliinua macho. Jina tupu; uenyekiti ulikuwa umeachwa nje. Mashapo yalipofika shingoni, meusi kama moshi, Dafroza akaisimamisha chupa. Ndani ya jagi divai ilikuwa safi, nyekundu ya tofali. Ndani ya chupa lilibaki tope la kimo cha kidole.

"Tope lako hilo hapo. Divai ikizeeka yenyewe hutoa mashapo. Sirili alikuwa akiyamwaga nyuma ya jiko kila mara."

"Onja wewe kwanza," Primus alisema. "Kwa desturi yetu mmiminaji ndiye huanza, au umesahau?"

Dafroza akaonja. Ilinukia udongo wa mgombani baada ya mvua. Akampa Primus bilauri. Primus akanywa, akalamba midomo, akainyoosha bilauri tena.

Dafroza alifunika jagi kwa kiganja. "Kwanza jina la mume wangu."

"Basi, mama, nilikosea. Yameisha."

"Uliniambia mimi? Uliwaambia watu. Watu wako nje."

"Tusivunjiane heshima, Mama Urbanus."

"Ya kwangu ilipovunjwa, uliiokota wewe?"

Primus alimtazama padri. Padri akaenda kufungua mlango.

Pale ngazini, mbele ya waumini, Primus aliviambia viatu vyake: "Sirili hakuiba. Tope nililitikisa mimi."

"Wa nyuma hawasikii!" Dafroza alisema.

Akarudia, kwa sauti.

Dafroza hakungoja bilauri ya pili. Alijifunga kanga. Neno lile la wizi lilikuwa limeshateremka mjini Moshi kabla yake, na kesho, siku ya soko, angeteremka hukohuko kulikanusha.