Pasi ya Saa Moja Jioni

Kwenye parsele yetu, kiwanja kimoja mtaani Cimpunda, tuko nyumba tano, na mita ya umeme ni moja. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu, bei ya umeme ni mara mbili, kwa kuwa mji wote unapika wakati huo. Mimi, niliyesoma masomo ya jioni mpaka nikaijua hesabu ya wati, ndimi niliyeandika ratiba: saa hizo hakuna resho, jiko la umeme, hakuna pasi. Aliyekosa, jina lake linaandikwa ukutani kwa chaki. La kwanza lilikuwa la Maman Clémence, mjane, aliyewapashia wajukuu uji kwa resho.

Jumamosi iliyofuata, saa moja jioni, nilikuwa nikipiga pasi shati langu jeupe. Kesho yake ningesoma somo la kwanza kwenye misa. Mlango ukafunguka. Alikuwa Maman Clémence, na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mkononi.

"Papa Isidore, nimekuletea chakula. Nilipika ku jiko ya makala, sababu ya ile ratiba yako." Kisha akaiona pasi. "Ah! Kumbe pasi ya muzee, yenyewe haikule umeme?"

Nikaichomoa pasi ukutani. Akaweka sahani mezani, akaifunika vizuri, akatoka bila kumwita mtu.

Sombe likapoa bila kuguswa. Nilichukua chaki, nikaandika jina langu chini ya lake, kwa herufi kubwa. Kanisani nilisoma na shati lililonyooka mkono mmoja.