Kadi ya Mzee Kipaza

Kuna watu ambao simu ikiwauliza swali lolote wanabonyeza "Ndiyo" kabla hawajalisoma. Hao ndio wanaonipandisha mori. Nimeshawatimua wawili dukani kwangu, mmoja wao shemeji yangu mwenyewe, na sijutii hata kidogo. Mtaani wananiita Dada Bisibisi, na juu ya mlango nimeandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA SIMU INAYONISHINDA. Ukuta uliniishia kabla ya maneno kuisha, kwa hiyo herufi mbili za mwisho zimening'inia chini ya zile nyingine, lakini zinasomeka.

Basi Alhamisi ile asubuhi, Mzee Kipaza na mkewe walipoingia wameshikana mikono kama wachumba, walinikuta na kiburi changu chote kimekaa mahali pake.

Mzee Kipaza hahitaji kutambulishwa mtaani kwetu. Kwa miaka zaidi ya ishirini ndiye aliyetangaza mechi za Jumapili pale uwanjani, amepanda juu ya meza na kipaza sauti mkononi, anatia chumvi mpaka mpira wa kurusha unakuwa habari ya kusimulia. Alikuwa na mdomo yule mzee! Miezi minne iliyopita madaktari walimpasua koo wakaondoa uvimbe uliokuwa unammaliza, na sauti ikaenda nao. Alipona, akanenepa, akaanza kufunga kitambaa cheupe shingoni na kutembea na daftari. Anaandika kwa herufi kubwa tupu, na mkewe anasoma. Mama huyo husoma kila kitu kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama muuguzi anayeita majina ya wagonjwa kwenye foleni, na hapo ndipo utamu ulipo.

Mzee aliandika, Mama akasoma: "FUNDI HUJAMBO. UMEPENDEZA. JUMAMOSI BINTI YANGU ANAOLEWA. NINA HOTUBA."

Kisha Mzee akafungua kikaratasi na kuweka mbele yangu memori kadi, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

"Hotuba yenyewe imo humo," Mama akaeleza, sasa kwa maneno yake. "Aliirekodi wiki moja kabla ya kupasuliwa. Daktari alishamwambia sauti hairudi. Akaniita chumbani, akanishikisha simu, akasema binti yake lazima amsikie siku ya harusi yake. Binti mwenyewe hajui, tumeficha mpaka leo. Sasa tukiiweka kwenye simu mpya, simu inasema kadi ni mbovu, inauliza kama iifute. Tukakataa."

"Mmefanya jambo la maana sana kukataa," nikasema. "Kuna watu wangebonyeza tu!"

Nikaichomeka kwenye kompyuta. Kompyuta nayo ikasema haioni kitu, ikaomba ruhusa ya kuifuta. Sikushtuka. Ninayo programu ya kufukua vilivyopotea, nikaifungulia, ikachimba kadi yote mwanzo hadi mwisho. Ilitoa uchafu mtupu, herufi zisizo na kichwa wala miguu. Nikakuna kichwa.

"Mzee, hii kadi ilikuwa kwenye simu gani?"

Akaandika. Mama akasoma: "ILE ULIYOSEMA IMEKUFA."

Nilikumbuka yote kwa mpigo. Mwaka jana Mzee aliniletea simu yake imejaa rekodi za mechi, haina nafasi hata ya picha moja. Nikaweka kadi, na simu ikauliza kama kadi iwe ya kuhamishika au iwe sehemu ya simu yenyewe. Nani alibonyeza? Mimi. Sikumweleza mzee wa watu chochote. Kadi ikishafanywa sehemu ya simu, simu huandika kila kitu humo kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa kuyasoma hubaki nao yenyewe, ndani ya bodi yake. Hakuna simu nyingine duniani wala kompyuta itakayoyaelewa.

Halafu miezi mitatu iliyopita simu ile ikazimika. Siku hiyo dukani palikuwa na watu mpaka nje. Niliichomeka chaji dakika tano, nikaona kimya, nikatoa hukumu: "Mzee, hii imeshaondoka, tafuta nyingine." Nikachomoa kadi, nikamwekea mkononi kwa madaha: "Vitu vyako vyote viko humu." Simu yenyewe aliniachia nitoe vipuri. Nilimpa kufuli, ufunguo nikautupa kwenye kopo.

Nikiri kwamba uongo ulinijia, tena ukiwa umeshaoga na kuchana nywele. Ningesema tu kadi za siku hizi ni feki, pole sana, na hakuna ambaye angejua. Ila Mzee alikuwa ananitazama huku anatabasamu, na daftari amelishika tayari, kama mtu anayesubiri kuandika asante. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mzee, Mama, kadi haina kosa. Kosa ni langu." Nikawaeleza yote, hata zile dakika tano za chaji.

Mama akautazama ukuta. Mzee akaandika kwa muda mrefu, kisha akamsogezea mkewe daftari.

"PENALTI," Mama akasoma. "BISIBISI KACHEZA RAFU MWENYEWE. BISIBISI ANAPIGA MWENYEWE. UWANJA MZIMA KIMYA." Akaweka daftari chini. "Hayo ya uwanja ni yake. Mimi nina hasira."

"Una haki, Mama."

"Najua nina haki. Itafute hiyo bodi kwanza, nitakasirika vizuri baadaye."

Bodi mbovu naziweka kwenye makopo ya maziwa ya unga, na ninayo makopo manne. Nilimwaga la kwanza mezani, la pili, la tatu. Kwenye la nne niliiona, nami nikaifunika haraka kwa kiganja, lakini Mama ana macho. Akanitoa kiganja. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa kalamu ya wino mzito, bodi ilikuwa imeandikwa: KIPAZA – MAREHEMU.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akainama, akaisoma, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, cheko lile lake la sasa lisilo na sauti. Akaandika chini ya jina lake mwenyewe, daftarini: "MAREHEMU ANAOMBA KUINGIA UWANJANI."

Sasa kioo. Betri ya aina ile ninayo, ila kioo chake nilishamfungia Kinyozi wa mlango wa pili. Nikamkuta amemnyoa mteja upande mmoja.

"Jirani, nipe simu yako, nahitaji kioo."

"Kioo changu? Kimekukosea nini?"

"Nakiazima. Saa moja tu."

"Na wateja wakinipigia?"

"Mteja wako si huyu hapa amekaa!"

Alikuwa ameshafungua mdomo anijibu, ndipo akamwona Mzee Kipaza amesimama mlangoni kwangu na kitambaa chake shingoni. Mimi nikamwambia kwa maneno machache. Kinyozi enzi zake alikuwa kipa. Siku moja alifungwa saba, na Mzee Kipaza juu ya meza yake akatangaza kwamba bila kipa huyu shujaa zingekuwa kumi na saba, watu wakampigia makofi akatoka uwanjani kichwa juu. Alinipa simu, akanifuata nyuma na mashine ya kunyolea mkononi. Mteja naye akaja na nusu ya nywele zake.

Nikafunga mlango wa upepo, yaani nikazima feni, nikakaa. Safari hii sikuwa na haraka. Nilipima bodi, nikagundua umeme unaingia na kupotea mahali fulani njiani. Ili kujua ni wapi, unapaka spiriti bodi nzima, unaipa umeme kidogo, unaangalia ni wapi spiriti inakauka kwanza, kwa sababu palipo na ugonjwa hupata joto. Nikapaka. Nikainama na miwani yangu ya kukuza.

Nyuma yangu nikasikia kalamu inakwaruza, kisha sauti ya Mama, kavu kabisa: "BISIBISI ANAKOKOTA. ANAPITA WINGI YA KULIA. ANAINUA KICHWA. KIPA AMETOKA NA MASHINE YA KUNYOLEA."

"Mzee, utanichekesha nitoboe bodi!"

"MWAMUZI ANAMWONYA MTANGAZAJI," Mama akasoma.

Hapo nikaona. Nukta moja ilikauka kabla ya zote, pembeni ya kapasita moja ndogo kuliko punje ya ufuta. Kilichoua simu ya Mzee kilikuwa kile kidudu, na siku ile ningekiona kama ningekaa robo saa. Tatizo ni kwamba kilikuwa kimepakana na ile chipu inayotunza kumbukumbu, ambamo ufunguo umo. Simu inawaka bila hicho, ila kukitoa lazima nikipige hewa ya moto, na nikizidisha, chipu inaungua, na sauti ya Mzee inakwenda moja kwa moja. Nikawaambia hivyo hivyo, bila kuficha.

Mama akauliza polepole, "Mkono wako unatetemeka?"

"Unatetemeka, Mama."

"Basi subiri uache."

Tukasubiri wote watano, hata mteja mwenye nusu ya nywele. Mkono ulipotulia nikawasha hewa ya moto, nikahesabu moyoni, nikashika kibano. Kile kidudu kikanyanyuka chenyewe kama ukoko uliolowekwa. Nikaunga kioo cha Kinyozi, nikaunga betri, nikabonyeza.

Hakuna.

Nikabonyeza tena, nikashikilia, na simu ikatetemeka mezani, *drrr*, ikawaka. Ikauliza namba ya siri. Mzee akaiandika daftarini kubwa kabisa, na mteja wa Kinyozi akageuza uso kwa heshima. Ikalalamika kwamba kuna kadi yake haioni. Nikaichomeka. Duara likazunguka, likazunguka, kisha faili zikaanza kumiminika, mechi juu ya mechi, na mwisho kabisa moja iliyoandikwa HARUSI.

Mama alishika daftari asome, lakini alichokikuta ni "GO" na baada yake O tupu, mstari hadi mstari, zikavuka ukingo wa karatasi na kuendelea juu ya meza yangu ya kioo. Akajaribu kuzisoma kwa sauti yake ile ile: "Goooo." Akashindwa katikati, akafunika uso kwa khanga, akalia na kucheka kwa pamoja. Kinyozi aliniinua juu na kiti changu.

Nikagusa faili ile. "Naam, mabibi na mabwana!" Ile sauti ikajaa duka zima, nene, ya majigambo, kama vile Jumapili imerudi. Mzee akainua mkono kunizuia. Akaandika kidogo tu: "INATOSHA. PENALTI HAIJAINGIA MPAKA JUMAMOSI. UJE UIPIGE."

Nikanakili hotuba kwenye kompyuta, kwenye simu mpya na kwenye kadi nyingine ya kawaida, kwa sababu imani yangu na vitu vya namna hii imepungua.

Jumamosi alasiri nikawa nimekaa nyuma ya mitambo ya muziki ukumbini, nimevaa gauni ambalo halina hata mfuko wa bisibisi. Mshereheshaji akaita hotuba ya baba wa bibi harusi. Watu wote wakamgeukia Mama, wakijua atasoma. Mama akabaki amekaa. Mzee akasimama, daftari amelifunga. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Nikabonyeza.

"Naam, mabibi na mabwana, tunawatangazia moja kwa moja kutoka ukumbini! Bibi harusi ameshaingia uwanjani. Amevaa nini sijui, maana hapa nilipo siku yenyewe bado, lakini najua amependeza, na anayebisha tukutane nje!"

Ukumbi ukalipuka. Binti alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Baba!" akasema, akamtazama Mzee, akatazama spika, akamtazama tena Mzee.

"Bwana harusi, kijana wangu, ukiona amenuna usimuulize ana nini. Mletee chai, kaa mbali, subiri. Na wewe, mwanangu. Siku uliyozaliwa walinipa nikubebe, nikakosa la kusema. Muulize mama yako, ndiyo siku pekee. Sasa leo ni ya pili. Mpira umekwisha."

Watu walikuwa wanapiga makofi na kufuta macho, na mimi kidole changu kilikuwa tayari kuzima, lakini rekodi iliendelea. Kitu kikakwaruza. Sauti ya Mzee ikauliza, "Umezima?"

"Nimezima nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama. "Hata pa kuzimia sipajui."

"Kwa hiyo mpaka sasa inarekodi?"

"Si umeniambia nishike? Nimeshika."

Hapo Mzee Kipaza akacheka. Kicheko kile kilichokuwa kinasikika uwanjani mpaka barabara kuu, kinachoanzia tumboni, kinachopanda, kinachokatika kwa kwikwi na kuanza upya. Hakuna aliyekuwa amekipanga kiwemo. Nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa amesahau kwamba kimo. Kisha rekodi ikaisha.

Binti alikuja mpaka kwenye meza yangu, gauni amelikusanya mikononi, machozi yamemchora wanja mashavuni.

"Fundi, rudisha."

"Hotuba yote?"

"Hapana. Pale anapocheka."

Nikarudisha. Binti akarudi kwa baba yake, akamwekea kiganja kifuani. Kicheko kilipoanza kwenye spika, Mzee naye alikuwa anacheka, mdomo wazi, mabega yanaruka, na sauti na mabega vikaenda pamoja. Kilipoisha, binti hakuondoa kiganja. Akanigeukia tu, na mimi nikabonyeza tena kabla hajaniambia.