Kitenge Kilichoitwa Nimeghairi

Sifaeli Sumari alikichagua kile kitenge mwenyewe. Alikuwa na duka la urembo karibu na Soko Kuu la Arusha, fremu moja tu yenye dirisha la kioo, akiuza hereni, bangili, mikanda, vilemba na mikoba ya kushonwa kwa mkono. Macho yake yalishazoea kuona kitu kizuri kabla wengine hawajakiona. Siku alipokwenda kwa Mama Sharda kutafuta sare ya sendofu yake, sherehe ya kuagwa kabla ya ndoa, alipita majora yote ya maua na ya mikia ya tausi, akainama kwenye rafu ya chini na kuvuta jora lililokuwa limeshika vumbi. Lilikuwa la bluu iliyoiva, na juu yake miavuli midogo ya rangi ya tangawizi, mingine imefunguliwa, mingine imefungwa.

Mama Sharda, ambaye ukoo wa mumewe umeuza vitambaa mtaa ule tangu enzi za babu, alimtazama juu ya miwani.

"Hicho kimekaa sana, mwanangu. Watu wanakipita. Wanasema miavuli inaita mvua, na mvua harusini hawaitaki."

"Mimi nakitaka, mama. Kitatosha?"

"Kitatosha na kitabaki."

Kazi ya kushona alipewa Chiku, fundi cherehani wa mtaa wa Daraja Mbili. Chiku alikuwa mwenyeji wa Kondoa, amemzidi Sifaeli umri, na walikuwa wakipeana wateja siku zote. Mmoja akimaliza gauni, mwingine anatafuta hereni za kuendana nalo. Mashangazi, mama wadogo, majirani wa Tengeru na wanakwaya walipita mbele ya futi yake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuja na mshono wake kichwani. Shangazi mkubwa alitaka mikono mirefu ya kuficha viwiko. Mabinti wa kwaya walitaka mabega wazi, na Chiku akawaongezea kitambaa kidogo kidogo bila kuwaambia, kwa kuwa alijua mchungaji angekuwepo. Sherehe ilipokaribia, nguo karibu zote zilishachukuliwa.

Asubuhi moja mwanamume mmoja aliingia dukani kwa Sifaeli. Alisalimia kwa adabu, akatoa futi ya chuma, akaanza kupima ukuta wa nyuma.

"Samahani, kaka. Unapima nini?"

"Rafu za simu, dada. Nataka nizitengeneze mapema ili ukitoka nifunge tu." Alimwona Sifaeli anamkodolea macho. "Kwani mzee Alykhan hajakwambia? Fremu nimechukua mimi."

Sifaeli alidhani mtu huyo amekosea mlango. Alimpigia mwenye nyumba palepale, na mzee Alykhan akashangaa kuliko yeye.

"Mchumba wako alikuja mwenyewe," mzee alisema. "Akaniambia unaolewa, unahamia kwao Olmotonyi, biashara ya mjini basi. Nikampongeza. Nilijua mmeshazungumza. Binti yangu, mimi huyo bwana wa simu nimeshampa neno langu."

Mchumba huyo aliitwa Eliya. Alikuwa afisa mifugo, mtu mpole, hanywi pombe, hapandishi sauti. Ndugu wa Sifaeli walimpenda tangu siku alipokuja na washenga na kutibu ndama wa nyumbani kabla hata hajakaribishwa chai. Sifaeli alikutana naye mchana ule kwenye mgahawa mmoja nyuma ya soko. Eliya hakukana chochote.

"Nilitaka iwe zawadi," alisema. "Nyumbani nimejenga chumba cha mbele, kina mlango wa barabarani. Utauzia hapohapo. Mama amezeeka, hawezi kukaa peke yake mchana kutwa. Na wewe utapumzika na hekaheka za mjini."

"Bangili zangu nani atanunua Olmotonyi kila siku?"

"Wanafunzi wa chuo cha misitu si wapo?"

Sifaeli angeweza kucheka, lakini kicheko hakikuja. Alikoroga chai iliyokwisha kupoa.

"Eliya, kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Alilisema bila ubaya wowote, kama anavyowaeleza wafugaji kwa nini anamfunga ng'ombe kamba kabla ya kumchoma sindano. Na hilo ndilo lililomtisha Sifaeli. Angekuwa amekasirika, au amedanganya, pengine wangegombana na kupatana.

"Na mengine nitakayokataa?" aliuliza. "Hayo utafanyaje?"

"Sifa, usilikuze jambo dogo."

Alivua pete akaiweka kwenye kisosi. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Alipoiona imekaa pale, kando ya kijiko, ndipo alipojua kwamba amemaliza.

Nyumbani Tengeru, mama yake, Evaresta, alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Alikupiga?"

"Hapana, mama."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

"Alilitoa duka langu bila kuniambia."

"Duka!" Mama aliuweka ungo chini. "Mwanaume ametulia, ana kazi, ana nyumba, unamrudishia pete kwa ajili ya hereni na vibanio vya nywele? Mimi Jumapili nitapita wapi? Kamati ya harusi nitaiambia nini? Watu wameshashona nguo, Sifaeli!"

Kamati iliambiwa. Eliya alikuja mara moja zaidi, ameongozana na mjomba wake, akaomba radhi kwa habari ya fremu na kuahidi kumtafutia nyingine. Lakini mjomba alipomuuliza, mbele ya wote, kama siku nyingine angeuliza kwanza, Eliya alijibu kwamba mwanaume lazima kuna mambo aamue mwenyewe. Mjomba akatazama sakafu. Wazee wa pande zote mbili walimaliza mambo ya mahari kimya kimya, na sherehe ikafutwa. Mama na mwanawe waliendelea kuishi nyumba moja wakiongea yale ya lazima tu: chumvi imekwisha, kuku wamefungiwa, mlango ufungwe.

Fremu nayo haikurudi. Mzee Alykhan alisikitika kwa dhati, lakini bwana wa simu hakukubali kuachia, na neno lilikuwa limeshatolewa. Sifaeli alifungasha mali yake kwenye maboksi akaipeleka Daraja Mbili. Chiku alihamisha kabati la nguo zilizokwisha kushonwa, akamwachia ukuta mmoja mzima.

"Pigilia misumari unapotaka," Chiku alisema. "Ila cherehani yangu usiizibie mwanga."

Kwa muda zile sare hazikuonekana popote. Wengine walisema ni nguo za nuksi. Shangazi mkubwa alimletea Chiku gauni lake akitaka ligeuzwe foronya, na Chiku akamwambia mikono mirefu ile haigeuki foronya labda ya kulalia nyoka. Lakini kitambaa kilikuwa kizuri, hakichuji, hakikunjamani, na mtu hawezi kuficha nguo nzuri sandukuni milele. Siku moja ya gulio la Tengeru, Sifaeli alikuwa akipita upande wa ndizi, akamwona mama mmoja wa kwaya ameinama juu ya mikungu yake, miavuli ya tangawizi imemjaa mgongoni.

Aliona aibu. Alitaka kugeuka arudi alikotoka. Yule mama alishamwona.

"Sifaeli! Shikamoo yangu unaila?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakionaje kitenge chako? Leo peke yake nimeulizwa na watu mpaka nimechoka. Wanataka kujua kimenunuliwa wapi."

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia kwa Mama Sharda. Ningewaambiaje?"

Baada ya hapo Sifaeli alianza kukiona kitenge kile kila mahali: kwenye foleni ya benki, kwenye mlango wa zahanati, kwa binti mmoja aliyekishonea sketi fupi na kuvaa na fulana nyeupe. Wengi wao hawakuwa ndugu wala wanakwaya. Hakuwajua kabisa. Kila alipokiona moyo ulishtuka, na alikasirika kwamba unashtuka.

Ndipo Mama Sharda akampigia simu, akimtaka apite dukani. Sifaeli alipofika, mama yule alikuwa anamhudumia mteja, mwanamke wa makamo mwenye kikapu cha mboga. Mteja alikuwa akiyatazama majora huku na huku bila kuridhika.

"Hapana, siyo hivi," alisema. "Nataka Nimeghairi."

"Nini?" Sifaeli aliuliza kabla hajajizuia.

"Nimeghairi, mwanangu. Kile cha miavuli. Hukijui? Kuna bibi harusi alikichagua, halafu siku ya ndoa mchungaji anamuuliza, unamkubali huyu, akasema nimeghairi. Mbele ya madhabahu! Akatoka kwa miguu mpaka barabara kuu, na shela lake hilo. Mashangazi wote nyuma wamevaa miavuli, wanamfuata."

Mama Sharda aliinamisha kichwa na kuanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari. Sifaeli alidhani atalia. Kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akaegemea meza. Hakuwa amecheka tangu siku ile ya mgahawani.

"Haikuwa kanisani," alisema alipopata pumzi. "Na shela nilikuwa bado sijanunua."

Mwanamke alimtazama, akamtazama Mama Sharda, akashusha kikapu chini.

"Wewe?"

"Mimi."

"Pole, mwanangu," alisema, na safari hii sauti ilikuwa nyingine. "Nimesema maneno mengi."

"Si neno. Lakini wewe kwa nini unakitaka?"

Mwanamke alifikiri kidogo. "Nimekubali mambo mengi maishani ambayo sikuyataka," alisema. "Siwezi kuyarudisha. Lakini gauni naweza kuvaa."

Mama Sharda alimkatia kitambaa. Mteja alipoondoka, alimvuta Sifaeli kiti.

"Nilikuitia hilo," alisema. "Jina limetoka sokoni, sikulitoa mimi. Mwenye kiwanda ananiuliza kama nataka majora mengine. Wewe ukiniambia linakuumiza, siagizi."

Sifaeli alitazama nje. Dirishani wapita njia waliinama wakichungulia vitambaa. Aliwaza jinsi alivyokuwa akiepuka mitaa, akihesabu yupi amesikia na yupi hajasikia. Sasa ilikuwa wazi kwamba mji mzima umesikia, tena umesikia vibaya, na mji mzima unataka kuvaa.

"Agiza, mama," alisema. "Na vipande vya mwisho wa jora, vile visivyotosha gauni, niwekee mimi."

Vipande vile alivipeleka Daraja Mbili. Alivikata vyembamba, akavibandika juu ya bangili za mbao, akavifunikia vitufe vya hereni na kuvishona mikanda ya kichwani. Chiku kila akimaliza gauni la Nimeghairi alimgeuza mteja kwa mabega, akamwelekeza ukutani kwa Sifaeli. Ukuta ule haukutosha. Wakakodi chumba cha jirani, wakatoboa mlango katikati, na Chiku akasimamia kwa sauti kubwa ili mafundi wasimzibie mwanga.

Eliya alioa mwaka uliofuata, mwalimu wa kule kwao Olmotonyi. Sifaeli alimwona mara moja mjini, amebeba boksi la dawa za mifugo. Walisalimiana, wakaulizana habari za wazazi, kila mtu akaenda zake. Usiku huo hakulala vizuri, lakini asubuhi aliamka na kazi ya kutosha.

Mama yake alikuwa hajafika Daraja Mbili hata siku moja. Alikuja siku moja ya kawaida katikati ya wiki, bila kusema kwamba anakuja, amejifunga khanga, na mkononi ana chupa ya chai. Alisimama mlangoni akiangalia bangili zilizopangwa kwa rangi, vilemba vilivyoning'inia, wateja wawili wakijitazama kwenye kioo.

"Karibu, mama," Sifaeli alisema.

"Nimeshakaribia." Alikaa kwenye stuli, akawamiminia chai Sifaeli na Chiku. Kisha akaanza kuzungumza kama mtu anayeendeleza maongezi yaliyokatizwa dakika chache tu zilizopita. "Mimi baba yako aliuza shamba la migomba la juu bila kuniambia. Nilikuwa nalima pale tangu niolewe. Nilikwenda na jembe asubuhi nikakuta watu wengine wanalima."

Chiku alisimamisha cherehani.

"Hukuwahi kuniambia," Sifaeli alisema.

"Ningekuambia ili iweje? Nilirudi nyumbani nikapika." Mama alichukua bangili moja ambayo haijavishwa kitambaa, akaigeuza geuza. "Hii inafanywaje?"

Sifaeli alimwonyesha: gundi kidogo, kitambaa kivutwe kisikunjike, mwisho ufichwe kwa ndani. Ya kwanza ya mama ilitoka imepinda, akaibandua mwenyewe akaanza upya. Wateja walitoka, wakaingia wengine, naye hakuinua kichwa.

"Gundi yenu hii inanuka," alisema, akavuta bangili nyingine.