Vyumba Viwili vya Bernadina

Mumewe alipofariki, Bernadina aliondoka kambi ya mkonge ya Ngombezi, maana nyumba za kule zilikuwa za wafanyakazi tu. Akajenga vyumba vitatu vya miti na udongo pembeni mwa mji wa Korogwe, kwenye mtaa uliosongamana hata jeneza lilipitishwa kiubavu.

Mwaka wa sabini na tatu alikuja afisa wa mipango miji. Hakuja kubomoa. Alisema wakazi wapange mtaa wao wenyewe. Wakifungua barabara, bomba la maji litafuata. Basi wakawa wanakutana kwa balozi wao wa nyumba kumi, mzee Semboja, wakabishana, wakapigilia vigingi. Mwishowe kamba ya kupimia barabara ikapita katikati ya nyumba ya Bernadina. Hakuna aliyetaka kulisema. Akalisema mwenyewe: wachukue vyumba viwili, mradi wamjengee vingine kwa msaragambo, kila mtu mkono wake. Wanawake walimkumbatia. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kambini alijiona mwenyeji.

Wakabomoa. Hata miti ya kumjengea haijakatwa, ikatoka amri kwamba wasio na kazi mjini waende vijiji vya ujamaa. Habari ya bomba ikafa. Wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba ya kueleweka aliachwa. Kwa Bernadina walikuta chumba kimoja, upande mmoja umezibwa kwa magunia.

"Huyu hana makazi," mmoja wao alisema.

Bernadina akamgeukia balozi. "Mzee Semboja, waeleze."

Semboja alianza kueleza. Akaambiwa kama anamwonea uchungu sana, apande naye lori. Mzee akarudi nyuma.

Walimshusha porini Handeni na jembe, debe na godoro lake. Mwaka uliofuata Semboja alikwenda kumjulia hali, akamkuta amekonda, anachota maji ya tope lamboni. Katika mazungumzo akamwambia kwamba watu wameanza kujenga tena juu ya ile barabara.

"Pale kwangu kajenga nani?"

"Ni mwanangu Mdoe. Ameoa."

Bernadina hakumlaumu. Alimpakulia uji, kwa kuwa alikuwa mgeni na ametoka mbali, kisha akarudi kupukuchua mahindi yake. Mzee alipoaga, aliitikia bila kuinua uso.